Valvu ya aota namba ngapi? Eko, CT, MRI na vipimio vya chumba cha upasuaji

Kijana alimshika baba yake mkono hadi kitandani, akamvua koti, kisha akanigeukia na karatasi tatu zilizokunjwa. "Dada, mzee ameshapimwa eko mara tatu. Zote zinasema valvu ya aota imebana sana. Sasa daktari ameandika CT ya dawa, na figo za mzee nazo hazijakaa vizuri. Hizi eko hazitoshi kujua valvu ya kumwekea?"

Eko, yaani picha ya moyo ya mawimbi ya sauti, ndiyo kazi yangu. Probu, kile kichwa cha mashine kinachoshikwa, iko mkononi kuanzia asubuhi hadi jioni, kwa hiyo sina sababu ya kuidharau. Nilimjibu kwamba eko ndiyo iliyotuonyesha valvu ya baba yake, ule mlango wa damu kutoka moyoni kwenda aota, mshipa mkuu wa mwili, imekakamaa, na kwa kazi hiyo bado haijapata mpinzani. Kutaja namba ya valvu mpya ni kazi nyingine, na kwa njia aliyopangiwa mzee, eko ya kifuani peke yake haipaswi kupewa kazi hiyo.

Nimeandika ulinganisho huu kwa ajili ya familia kama yake, na kwa wenzangu wa hospitali za mikoa wanaoandika barua za kuwapeleka wagonjwa Dar es Salaam, Nairobi au India. Wagonjwa wengi hufika huko na bahasha iliyojaa majibu, kisha wanaanza kupimwa upya kwa sababu kipimo walichobeba hakijibu swali linaloulizwa.

Kwanza jua valvu inaingia kwa njia gani

Valvu ya aota hubadilishwa kwa njia mbili. Ya zamani ni kufungua kifua: moyo unasimamishwa, mashine inashika kazi ya moyo na mapafu, daktari anakata valvu mbovu na kushona mpya. Ya pili ni ya katheta, ile inayoitwa TAVI. Valvu iliyobanwa ikawa nyembamba hupitishwa ndani ya mrija kwenye mshipa wa paja hadi moyoni, kisha hutanuliwa humo humo ndani ya valvu mbovu. Alain Cribier na wenzake walimfanyia mgonjwa wa kwanza huko Rouen, Ufaransa, tarehe 16 Aprili 2002.

Katika upasuaji wa kifua, daktari anaiona pete, yaani mahali valvu inapokaa, kwa macho yake na kuijaribu kwa kipimio kabla ya kufungua boksi la valvu. Katika TAVI hakuna mtu anayeiona wala kuigusa. Valvu haishonwi hata uzi mmoja. Inajishika kwa kubanana na ukuta. Picha zilizopigwa siku kadhaa kabla ndizo macho na ndizo vidole vya daktari.

Ikichaguliwa ndogo, damu hupenya pembeni na kurudi moyoni kila pigo, na ikiwa ndogo mno valvu inaweza kung'oka na kuchukuliwa na damu. Ikichaguliwa kubwa, nyaya za umeme wa moyo zinazopita chini tu ya valvu hubanwa na mgonjwa akaishia kuwekewa betri ya moyo, au vipande vya valvu visifunguke vizuri. Baya kuliko yote ni pete yenyewe kupasuka. Hutokea mara chache, lakini likitokea kuokoa ni kazi ngumu mno.

Pete ambayo mwilini haipo

Tukisema pete ya aota, wengi hufikiria pete kweli, duara gumu kama la kidoleni. Hakuna kitu kama hicho. Valvu ya aota ina vifuko vitatu, na kila kifuko kimeshikana na ukuta kwa mstari uliopinda kama mwezi mchanga. Tafuta mahali pa chini kabisa pa kila kifuko, utapata nukta tatu. Pitisha bapa moja katika nukta hizo tatu. Pale bapa linapokata ukuta ndipo tunapopaita pete. Ni pete ya kuchora. Ukikosea nukta moja tu, bapa linainama na pete inabadilika umbo mbele ya macho yako.

Na kwa watu wengi si duara. Ni duaradufu, ndefu upande mmoja na fupi upande wa pili. Wala haitulii: moyo ukisukuma damu kwa kawaida inatanuka kidogo, ukilegea inasinyaa. Kwa hiyo hupimwa wakati wa msukumo, yaani sistoli, ili valvu isije ikachaguliwa kwa kipimo cha pete iliyosinyaa.

Eko ya kifuani na CT, kwa pete ya mzee mmoja

Mzee alilala ubavu wa kushoto, mkono chini ya kichwa. Nilipaka jeli, nikatafuta uwazi kati ya mbavu, nikapata ile picha ya moyo kwa urefu ambayo valvu ya aota hukaa katikati. Nikaikuza, nikaisimamisha katikati ya sistoli, nikaweka alama moja pale kifuko cha mbele kinaposhikana na ukuta na nyingine upande wa pili. Milimita 22. Pigo lililofuata, 21.5. La tatu chokaa, yale madini magumu yaliyojikusanya kwenye valvu, ilitupa kivuli cheusi juu ya ukingo, nikaliacha.

Kipimo hicho ni mstari mmoja tu. Kwa jinsi moyo unavyolala kifuani, mstari huo kwa kawaida huangukia upande mfupi wa duaradufu. Upande mrefu hauonekani katika picha hiyo. Tukichukua 22 kama kipenyo cha duara kamili, eneo la pete linakuwa milimita za mraba 380.

Siku chache baadaye mzee alipigwa CT. Nilikaa na mwenzangu wa radiolojia akiifungua. Alibonyeza nukta ya kwanza chini ya kifuko cha kulia, ya pili chini ya cha kushoto, ya tatu chini ya kile kisicho na mshipa wa moyo. Picha ikazunguka yenyewe, na pete ikajitokeza kama yai lililolazwa. Akaizungushia mstari ukingoni, taratibu, akiacha nje ya mstari kichuguu kimoja cha chokaa na kisha kukirudisha ndani, hadi tulipokubaliana. Upande mrefu milimita 28, mfupi 22. Eneo 484. Mzingo 78.8.

Eko yangu haikudanganya. Ile 22 yake ndiyo hiyo hiyo 22 ya CT. Ila iliona upande mmoja wa kitu chenye pande mbili, na tofauti ya eneo ni milimita za mraba 104, ukubwa wa ukucha wa kidole cha mwisho.

Sasa zipeleke namba hizo kwenye jedwali la mtengenezaji. Valvu ya SAPIEN 3, inayotanuliwa kwa puto, ina saizi nne: 20, 23, 26 na 29. Saizi 23 ni ya pete yenye eneo kati ya 338 na 430. Saizi 26 ni kati ya 430 na 546. Kwa duara la eko la 380, mzee angepewa 23. Kwa duaradufu la CT la 484, ni 26. Valvu ya 23 ikitanuka yote inafunika milimita za mraba 409, kwa hiyo ingepungua 75 kwa pete ya mzee huyu, na hiyo ndiyo njia ya damu kurudi nyuma. Ya 26 inafunika 519, inaizidi pete kwa asilimia 7 hivi, na kuzidi huko kidogo ndiko kunakoishikilia.

Hili halikujulikana tangu mwanzo. Katika utafiti wa PARTNER, utafiti mkubwa wa TAVI ambao matokeo yake ya kwanza yalitoka 2010, valvu zilikuwa za saizi mbili tu, 23 na 26, na zilichaguliwa kwa eko. Ripoti ya miaka miwili iliyofuata 2012 ilionyesha kwamba wagonjwa waliobaki na uvujaji pembeni mwa valvu, hata ule uliohesabiwa mdogo, walikuwa wakifa zaidi ya wasio nao. Mwaka huo huo chama cha wataalamu wa CT ya moyo kikatoa mwongozo wake wa kwanza wa CT kabla ya TAVI, na kikauhuisha 2019. Kwa valvu ya katheta, CT ndiyo kipimo cha kwanza, na hilo sasa halibishaniwi.

Namba ya boksi si namba ya pete

Hapa familia nyingi hupotea. Mtu ameambiwa baba yake anahitaji "valvu ya 26", anafika hospitali nyingine anaambiwa "29", anaanza kuamini mmoja kati yao amekosea.

Chukua tena pete ya mzee. Valvu ya Evolut hujitanua yenyewe, na huchaguliwa kwa mzingo badala ya eneo, kwa sababu fremu yake laini hufuata umbo la pete bila kuilazimisha iwe duara. Saizi zake ni 23, 26, 29 na 34. Mzingo wa 78.8 ukigawanywa kwa pai unatoa kipenyo cha milimita 25.1, na pete ya milimita 23 hadi 26 hupewa Evolut ya 29. Kwa hiyo moyo mmoja, CT moja, na majibu mawili ambayo yote ni sahihi: 26 kwa kampuni moja, 29 kwa nyingine. Huko India kuna pia Myval, yenye saizi za katikati kama 21.5, 24.5 na 27.5. Saizi zikisogeleana namna hiyo daktari anapata nafasi ya kuchagua kwa ufasaha zaidi, na mpimaji anapungukiwa nafasi ya kukosea.

Ukiulizia, usiulize namba ya valvu peke yake. Uliza eneo la pete, mzingo wake, upande mrefu na upande mfupi, na vilipimwa katika hatua gani ya pigo la moyo. Ripoti yenye hivyo vyote inaweza kusomwa na daktari wa nchi yoyote na kampuni yoyote.

CT inaona hadi mlango wa nyuma

Hata kama eko ingeweza kupima pete sawasawa, kuna mambo ambayo CT moja inajibu kwa mkupuo.

Mishipa inayolisha moyo wenyewe huanzia juu kidogo ya valvu. Valvu mpya ikifunguka, vipande vya ile ya zamani husukumwa ukutani, na mshipa ukiwa umeanzia chini sana unaweza kuzibwa. Ikiwa urefu kutoka kwenye pete hadi tundu la mshipa haufiki milimita 12, na sehemu ya mzizi wa aota iliyotuna juu ya valvu nayo ni nyembamba, chini ya milimita 30, timu hujiandaa kwa tahadhari. CT inavipima vyote viwili.

Chokaa nayo inaonekana kama ilivyo: imekaa wapi, imeelekea wapi, imeshuka hadi chini ya pete au la. Ni muhimu hasa kwa valvu ya puto. Kuzidisha eneo kwa asilimia 20 au zaidi juu ya pete yenye chokaa nyingi chini yake ndiyo hali inayojulikana kuambatana na kupasuka. Timu ikiona hivyo inaweza kujaza puto kwa kiasi kidogo, au kuchagua valvu ya kujitanua.

Kisha kuna njia ya kupitia. Picha zikishuka hadi mapajani, zinaonyesha mishipa ina upana gani na imepinda kiasi gani. Evolut za saizi ndogo hadi 29 zinataka mshipa wa angalau milimita 5. SAPIEN 3 za 20 hadi 26 zinataka 5.5, na ile ya 29 inataka 6. Valvu inaweza kuenea vizuri kwenye pete na isipate pa kupita.

Gharama yake kwa mwili ni dawa ya kontrasti, ile inayofanya damu ionekane kwenye picha, kwa kawaida mililita 50 hadi 100, na mionzi. Kwa mtu wa miaka 80, mionzi si jambo la kumnyima usingizi. Figo ndizo za kufikiria. Kwa mzee wetu tulitazama kreatinini na kile kinachoandikwa eGFR kwenye jibu la maabara, yaani makadirio ya uwezo wa figo kuchuja damu. Figo zake zilikuwa zimepungua nguvu lakini hazikuwa zimefika chini ya 30. Daktari wake akapanga dozi ndogo ya dawa, akahakikisha mzee hajakaukiwa maji, akasema kreatinini irudiwe baada ya siku mbili. Anayetumia metformin kwa ajili ya sukari aseme mapema. Aliyewahi kuvimba au kubanwa pumzi baada ya dawa ya CT aseme mapema zaidi.

Na neno kwa wenzangu wa chumba cha CT: ile tembe ya nitrogliserini ya chini ya ulimi tunayozoea kumpa mgonjwa wa CT ya mishipa ya moyo haimfai mtu ambaye valvu yake ya aota imebana sana. Presha yake inaweza kuporomoka mezani. Tunapima pete, hatuhitaji kuitanua mishipa.

Figo zikikataa: eko ya umio, au MRI

Kuna mgonjwa ambaye dawa haimfai kabisa. Huyu ana njia mbili nzuri, zenye tabia tofauti.

Eko ya kupitia umio hutumia probu inayomezwa. Ikisimama nyuma ya moyo, haizuiwi tena na mbavu wala mapafu, na ikiwa ya pande tatu inaweza kuchora lile duaradufu zima badala ya mstari mmoja. Haitumii kontrasti, haina mionzi, na mashine inaweza kusogezwa hadi kitandani au ndani ya chumba cha katheta. Nimeifanya mara nyingi na ninaiamini ikiwa iko mikononi mwa aliyeizoea. Ila ina kasoro mbili zisizofichika. Chokaa nzito hutupa kivuli, na kivuli kikiangukia ukingo wa mbele unabaki kuchora kwa kukisia. Na kwa wastani vipimo vyake hutoka vidogo kidogo kuliko vya CT, kwa hiyo mgonjwa aliye mpakani mwa saizi mbili anaweza kuangukia ile ndogo. Mgonjwa naye anahitaji usingizi mwepesi na tumbo tupu, na mwenye matatizo ya kumeza au mishipa iliyovimba kwenye umio aeleze kabla.

MRI hupima pete bila kontrasti, na namba zake hukaribiana sana na za CT. Kwa usahihi wa pete, ningeiweka mbele ya eko ya umio. Kwa mgonjwa mwenyewe ni kazi: kulala kimya ndani ya mtungi nusu saa au zaidi, kushika pumzi mara nyingi, na kuwa na mapigo yanayoenda kwa mpangilio. Wazee wenye pumzi fupi huomba kutolewa katikati. Chokaa haionekani vizuri humo, na mwenye betri ya moyo ya zamani pengine haruhusiwi kabisa. Kwa upande wetu kuna jambo la wazi zaidi: hospitali zenye MRI ni chache, na zenye mtu aliyezoea kupima mzizi wa aota kwa MRI ni chache zaidi.

Kati ya hizo mbili, ningechagua ile ambayo hospitali husika inaifanya kila wiki. MRI bora iliyosomwa na asiyeizoea inaweza kuzaa namba mbaya kuliko eko ya umio iliyoshikwa na fundi.

Pia kuna CT isiyo na dawa. Hiyo haipimi pete vya kutosha kuchagua saizi, lakini inahesabu chokaa. Hesabu ya 2,000 kwenda juu kwa mwanamume, au 1,200 kwa mwanamke, inaelekea kuthibitisha kwamba valvu kweli imebana sana pale eko inapotoa majibu yanayogongana. Ikiombwa kwa sababu hiyo, ni kipimo kizuri. Ikiombwa ili kuchagua valvu, imeombwa bure.

Wakati mwingine namba huangukia mpakani na timu hubaki na mashaka hadi mlangoni. Hapo daktari hutanua puto lenye ukubwa unaojulikana ndani ya pete na kumwaga dawa juu yake. Dawa ikivuja kupita puto, pete ni kubwa kuliko puto, ikizuiwa, zimelingana. Ni msaada kwa aliye kati ya saizi mbili. Usikubali iwe badala ya picha za mapema.

Kifua kikifunguliwa, mambo yanabadilika

Yote niliyosema juu ya CT ni ya TAVI, na TAVI ni ya wagonjwa ambao wengi wao ni wazee wenye valvu iliyojaa chokaa. Wagonjwa wengi wa valvu ninaowapima mimi si hao. Ni vijana, mara nyingi wasichana, ambao moyo wao uliharibiwa na ugonjwa uliotokana na maambukizi ya koo ya utotoni. Valvu zao zimekunjamana na kushikana, nyingine zinavuja badala ya kubana, na mara nyingi ile ya mitrali, iliyo kati ya vyumba viwili vya kushoto vya moyo, imeumia pia. Chokaa ya kuishikilia valvu ya katheta ni haba au haipo. Hawa hufunguliwa kifua, kama inavyofanyika hapa Dar es Salaam katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete.

Kwao, kuwatafutia CT ya pete kabla ya kila jambo ni kuwaongezea gharama pasipo sababu. Eko nzuri inampa daktari makadirio, na jibu la mwisho linatoka mezani. Daktari akishakata valvu mbovu na kusafisha chokaa, anachukua vipimio, vijiti vyenye vichwa vya plastiki vya saizi mbalimbali, 19, 21, 23, 25 na kuendelea. Anaingiza kimoja. Kikipita kwa urahisi mno anachukua kinachofuata; kikishika bila kulazimishwa, ndicho. Vipimio vya kampuni moja havitumiki kwa valvu ya kampuni nyingine, kwa sababu 21 ya huyu si 21 ya yule.

Lakini hapa pia eko ina swali la kujibu mapema, na wenzangu wengi tunalisahau. Valvu inaweza kuenea kwenye pete na bado ikawa ndogo kwa mwili. Daktari wa moyo Rahimtoola alilieleza tatizo hili 1978. Hesabu yake ni rahisi: chukua uwazi halisi ambao valvu inautoa, ugawe kwa eneo la mwili wa mgonjwa, ambalo hukokotolewa kwa urefu na uzito wake. Valvu yenye uwazi wa sentimita za mraba 1.3 kwa mtu mwenye eneo la mwili la mita za mraba 1.8 inatoa 0.72. Chini ya 0.85 valvu imeanza kuwa ndogo kwa mwenyewe. Chini ya 0.65 ni ndogo sana, na moyo utaendelea kusukuma kana kwamba bado umebanwa. Ukiandika kwenye ripoti kwamba pete ni milimita 19 na mgonjwa ana kilo 85, daktari anajua kabla ya kuingia kwamba huenda akalazimika kuupanua mzizi wa aota kwa kiraka. Akikuta hivyo mezani bila kutarajia, saa ya mashine inakimbia.

Kwa hiyo andika urefu na uzito katika kila ripoti ya eko. Nimeona ripoti nyingi nzuri zisizokuwa navyo.

Aliyewekewa valvu ya tishu zamani na sasa imechoka anaweza kuwekewa ya katheta ndani yake. Kwake, saizi iliyoandikwa kwenye kadi ya valvu ya kwanza ina thamani kuliko picha yoyote, pamoja na jina la kampuni na aina, kwa sababu kipenyo cha ndani hutofautiana hata kwa namba ileile. Kadi hiyo itunzwe pamoja na cheti cha kuzaliwa. CT bado inahitajika, kwa ajili ya ile mishipa ya moyo.

Kipi uombe, na kipi ubebe

Mzee mwenye valvu iliyobana na anayepangiwa katheta: CT ya moyo yenye kontrasti, iliyofungamanishwa na mapigo, kuanzia mzizi wa aota hadi mapajani. Figo zikiwa dhaifu lakini zinavumilia, CT ileile kwa dozi ndogo. Zikikataa kabisa, MRI au eko ya umio ya pande tatu, kwa kufuata uzoefu wa mahali. Kijana wa kufunguliwa kifua: eko kamili yenye pete, mzizi, uzito na urefu. Popote pale, pete ipimwe na watu wawili, kila mmoja bila kuona namba za mwenzake.

CT ya kawaida ya kifua, hata ikiwa na dawa, haitoshi. Moyo ulikuwa ukicheza wakati picha inapigwa, na ukingo wa pete umefifia. Fomu iandikwe wazi kwamba ni ya kupanga TAVI, na vipande viwe vya milimita 1 au pungufu.

Yule kijana alirudi baada ya wiki kuchukua nakala ya eko. Alikuwa ameshika filamu kubwa za CT ndani ya bahasha ya kaki, zile za kuangaliwa kwa taa. Nilimwambia arudi radiolojia aombe CD yenye picha zote, vipande vyote vyembamba, si filamu na si ripoti peke yake, kwa sababu kwenye filamu hakuna anayeweza kuweka zile nukta tatu. Alirudi na CD mbili. Moja aliitia kwenye begi la safari la mzee, ya pili akaiweka mfukoni mwake.

"Shikamoo baba, safari njema," nilimwambia mzee.

"Marahaba, mwanangu. Hiyo 26 ndiyo yangu?"

"Inaweza kuwa 26, inaweza kuwa 29, kutegemea kampuni. Wewe waambie eneo ni 484."

Alimwomba kijana aiandike kwenye simu.